Kiingereza Nilichomtafsiria Mama

Daftari langu la Kiingereza lilinuka dagaa. Nililijalidi kwa gazeti, nikalitia ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko nikauweka ndani ya mkoba wa kitambaa alionishonea mama, lakini kila nilipolifungua darasani harufu ilitangulia kutoka. Ilikuwa harufu ya Kibirizi, pwani yetu ya Kigoma, ya dagaa waliolala juani tangu asubuhi, ya nyavu mbichi, ya maji ya ziwa yaliyochanganyika na mafuta ya injini za maboti. Nyumbani sikuwahi kuisikia. Niliisikia kwa mara ya kwanza katika chumba cha nyuma cha duka moja la mbao kule Katubuka, pale dada mmoja wa mapokezi wa nyumba ya wageni, tuliyesoma naye, aliposogeza kiti chake pembeni huku akijifanya anatafuta kalamu iliyoanguka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimefanya mtihani wa darasa la saba na nasubiri matokeo, na katika miezi ile ya kusubiri, wenzangu walipokuwa wakicheza rede na kuogelea, mimi nilijifunza Kiingereza cha biashara pamoja na watu wazima.

Aliyenipeleka ni mama. Yeye alizaliwa Mwamgongo, kijiji kisichofikika ila kwa boti, akakua akisema Kiha, na Kiswahili alikipata ukubwani, sokoni. Kusoma alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya kila neno. Baba alikuwa ameshahamia Mpanda kwa mke mwingine, na mama alibaki Kibirizi akinunua dagaa wabichi kutoka kwenye maboti, akiwakausha na kuwauza. Wakati ule karibu kila mtu pale aliwaanika mchangani, na dagaa wa mchangani hata ukiwaosha mara tatu bado utatafuna mchanga. Mama ndiye aliyeanza kusimika miti, akatandaza juu yake nyavu kuukuu, akawaanika dagaa wake hewani kwenye vichanja. Wanawake walimcheka wiki mbili, ya tatu wakaja kumwomba awaonyeshe. Ndivyo kikundi kilivyozaliwa: wanawake kumi na wawili, mama akiwa mwenyekiti, na msaidizi wake Mama Anzuruni, rafiki yake mkubwa, ambaye asili yake ilikuwa Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mama Anzuruni ndiye aliyewaletea wateja wa kudumu kutoka Kalemie, maana wengine walikuwa shemeji zake. Alikuwa mnene, mcheshi, na aliniita mkwe tangu nilipokuwa na miaka minne, kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa ananizidi mwezi mmoja.

Siku moja bwana mmoja wa mambo ya uvuvi aliwaambia kwamba kampuni moja ya nje inatafuta dagaa wasio na mchanga, na kwamba baada ya wiki chache itamtuma mtu kuja kuviona vile vichanja. Mtu huyo hajui Kiswahili. Jioni mama akasema, "Mimi sitaongea na mgeni wangu kwa mdomo wa mtu wa kuazima. Tutajifunza." Akaulizia, akaelekezwa kwa Mwalimu Festo.

Mwalimu Festo alikuwa kijana bado, mwembamba, mwenye shati jeupe ambalo kola yake ilikuwa imegeuzwa na fundi upande wa pili ili isionekane ilivyochakaa. Alikuwa amesoma mpaka chuo na hakupata ajira. Alitufundisha jioni tatu kwa wiki, harufu ya vumbi la mbao ikiingia mlangoni, na alifundisha vizuri, hilo siwezi kumnyima hata leo. Alianza na msamiati: bidhaa, sampuli, mnunuzi, kupeleka mzigo, kucheleweshwa. Halafu sarufi, hasa zile sentensi za masharti, ukifanya hivi nasi tutafanya vile, ambazo alisema ndizo uti wa mgongo wa biashara yote duniani. Na kila Ijumaa alitugawia ukurasa mmoja uliotolewa fotokopi, wenye nahau kumi. Nahau nilizipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufundishwa. Kwamba Mzungu anaweza kukuambia mpira uko kwenye uwanja wako na wala hakuna mpira, anamaanisha sasa ni zamu yako kuamua! Mwalimu alitembea katikati ya viti akigonga meza zetu na chaki. "Nahau haitafsiriwi neno kwa neno," alisema. "Ukiitafsiri neno kwa neno imekula kwako." Tukacheka. Niliandika maneno hayo juu kabisa ya ukurasa na kuyapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Mama alihudhuria siku nne tu. Siku ya nne alinitangulia kutoka, akanisubiri barabarani, akasema kichwa chake kimekuwa kama ndoo iliyotoboka. "Endelea wewe. Wewe ndiye utakuwa mdomo wangu." Tangu hapo kila nikirudi nilimfundisha kidogo nilichokibeba. Tulifanya hivyo kwenye vichanja, asubuhi, yeye akigeuza dagaa kwa viganja vyote viwili na mimi nikisoma. Kiha kilikuwa kimeshamfungia ulimi upande mmoja, kila l ikawa r. "Wi deriva oni taimu," alisema kwa fahari, akimaanisha sisi hupeleka mzigo kwa wakati, na Mama Anzuruni kutoka kichanja cha pili aliitikia kama kibwagizo, "Oni taimu!" Wanawake wengine wakadakia, na asubuhi nyingine pwani yote ya upande wetu iliimba sentensi ile moja. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliwatania. Mama hakujali. Sijawahi kumwona akiwa na furaha namna ile, na nadhani sikumwona tena baadaye.

Mgeni alikuja mwezi wa kumi, asubuhi yenye jua kali. Alikuwa mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi na viatu vya kutembelea porini, na alikuwa na dereva tu, ambaye alibaki kwenye gari amelala. Mwalimu Festo alikuja pia, kwa mwaliko wa mama, lakini mama alimweka kwenye benchi pamoja na majirani waliokuja kutazama na kumwambia kwa heshima kwamba kikundi kina mtu wake. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilivaa sketi ya shule iliyopigwa pasi na viatu vya Mama Anzuruni vilivyojazwa karatasi mbele. Nikasimama kati ya mgeni na mama, na maneno yakaanza kupita ndani yangu. Mgeni akiuliza wanakausha kwa saa ngapi, nasema. Mama akijibu, narudisha. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka safi, na nilihisi kwamba nimekuwa mrefu. Mgeni alivipima vichanja kwa futi ya utepe, akavipiga picha kutoka kila upande, akachora kwenye daftari lake jinsi nyavu zinavyofungwa. Alionja dagaa mmoja, akatafuna taratibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wanawake wakakonyezana.

Mwisho alisimama mbele yetu, akaweka mkono kifuani, akasema mmefanya kazi nzuri mno. Nikatafsiri. Kisha akasema sentensi fupi, maneno ambayo yote niliyajua, moja moja: "We'll take it from here." Kuchukua. Kutoka. Hapa. Ile "it" tu ndiyo ilikuwa inaelea hewani bila mwenyewe, nami nikaipa mwenyewe. Nikasema kwa sauti ya juu, "Bidhaa zetu watazichukua kutoka hapa hapa!"

Mama Anzuruni alinishika bega. "Mwana, anasema nini? Banakubali? Hapa Kibirizi?"

"Hapa hapa," nikasema.

Walipiga makofi na vigelegele. Mgeni alishangaa kidogo, akatabasamu, akapeana mikono na kila mmoja. Mimi niligeuka kumtafuta mwalimu wangu, nikitaka anione. Alikuwa amesimama. Alinitazama, kisha akamtazama mgeni, kisha akashusha macho akaanza kupangusa vumbi kwenye suruali yake, muda mrefu, kama mtu aliyeona doa. Halafu alimfuata mgeni mpaka kwenye gari, wakaongea, akampa karatasi aliyoitoa kwenye mfuko wa shati. Nilidhani anatusemea mema.

Kikundi kilikutana siku ile ile na kuamua kwamba dagaa wote wazuri wawekwe kwa ajili ya kampuni. Wateja wa zamani waambiwe watafute kwingine kwa sasa. Mama Anzuruni alipata kazi ngumu zaidi, ya kuwapigia shemeji zake wa Kalemie, na nilimsikia akiwaomba radhi kwa maneno mengi, akicheka ili wasikasirike. Walikasirika. Magunia yakaanza kujaa katika banda la mabati lililokuwa nyuma ya nyumba yetu, mpaka paka akawa hana pa kulala. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Nilimuuliza Mwalimu Festo, akasema biashara na wageni inataka subira. Wiki ya tatu nilifika darasani nikakuta kufuli. Mwenye duka la mbao akasema mwalimu amepata kazi.

Nilimkuta baada ya siku chache, upande wa pili wa pwani, si mbali na kwetu. Walikuwa wamezungushia uzio wa waya eneo kubwa la wazi, na ndani vijana walikuwa wakisimika miti. Vilikuwa vichanja. Vilikuwa vya mama, urefu ule ule, upana ule ule, ila miti ilikuwa mipya na nyavu zilikuwa za kijani. Mwalimu Festo alikuwa getini na shati jipya lenye nembo mfukoni. Nikamwamkia. Aliitikia bila kunitazama.

"Mwalimu, si walisema watachukua kwetu?"

"Hawakusema hivyo." Alizungumza kwa upole, kama darasani. "Ile ni nahau. Maana yake mmefika hapa, sasa kuanzia hapa wataendelea wenyewe. Ilikuwa kwenye ukurasa ambao sikuwahi kuwagawia."

"Ulikuwepo. Ulinisikia."

Kijana mmoja alimwita kutoka ndani, akajibu naja. "Hukuniuliza," aliniambia. "Mliniweka kwenye benchi." Akaingia ndani na kufunga geti.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, mkoba wa daftari ukinipiga mgongoni. Nikamweleza mama yote, neno kwa neno, na la nahau, na la uzio. Alikuwa akichambua dagaa kwenye ungo. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, na hata baada ya hapo. "Mana yanje," alisema kwa Kiha, taratibu, akimwita Mungu wake. Kisha akaniuliza kama nimemwambia mtu mwingine. Nikasema hapana. "Basi usimwambie. Labda huyo mwalimu naye hajui. Labda wanajenga hapo, na wetu watawachukua pia. Tusubiri kidogo."

Nilifikiri anaogopa. Sasa nimekuwa mama mwenyewe, naona kulikuwa na zaidi ya woga. Alikuwa amesimama mbele ya wanawake kumi na mmoja akawaambia mwanangu anatosha. Hakuwa tayari kuwaambia hatoshi. Na mimi, ambaye ningeweza kutembea hatua hamsini mpaka kwa Mama Anzuruni na kumwambia mpigie simu shemeji yako leo, nilikaa. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini nilikuwa mtoto niliyejua. Kila asubuhi Mama Anzuruni alinipita akaniuliza, "Mkwe, bazungu bako watakuja lini?" na kila asubuhi nilimjibu kwamba biashara na wageni inataka subira.

Tulisubiri siku kumi na mbili. Mvua kubwa za kwanza za mwaka ule zilikuja kwa upepo wa ziwa. Upepo ulinyanyua mabati mawili ya banda mchana kweupe, na maji yakaingia juu ya magunia kama mtu anamimina kwa debe. Tulikimbia sote na maturubai, tukayatoa magunia, tukayamwaga kwenye vichanja, lakini jua halikutoka siku nne. Dagaa waliolowana wakageuka rangi, wakaota ukungu mweupe, kisha wakajaa funza. Harufu ile siwezi kuieleza. Wanawake waliwabeba kwa makarai na kuwatupa ziwani, na kunguru walifurahi. Mama mmoja mwenye watoto sita alikaa chini kwenye matope na kuvua kitambaa cha kichwani kama aliyefiwa.

Ndipo mama alipowaita na kusema. Alisema mgeni ametudanganya. Alisema yule mama wa Kizungu alituahidi mbele ya macho yetu, wote tulisikia, kisha ameiba ujuzi wetu na kwenda kujenga vyake. Wote waliitikia ndiyo, tulisikia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Alinishika mkono, akaubana, nikaelewa. Mgeni yule hakusema uongo hata neno moja. Alitwambia waziwazi, kwa adabu, anachokwenda kufanya, na kati ya wote waliokuwepo ni mtu mmoja tu aliyemwelewa, akanyamaza ili apate kazi. Sasa nasi tulikuwa tunanyamaza, ili tusione haya.

Kikundi kilivunjika kabla ya Krismasi. Maboti mengi yalianza kuuza dagaa wabichi kule kwenye uzio, na wanawake waliobaki walirudi mchangani. Shemeji zake Mama Anzuruni walikuwa wamepata watu wengine na hawakutaka kumsikia. Alihamia Ujiji, akawa anauza maandazi na chai mbele ya nyumba ya dada yake. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu, nimepangiwa shule ya bweni ya mbali. Siku ya kuondoka tulipita kumuaga. Alikuwa amepungua. Aliingia ndani akatoka na doti mpya ya kitenge, ya maua ya zambarau, ambayo najua alikuwa ameiweka kwa ajili ya harusi ya ndugu yake. Akanifunga nayo kiunoni kwa mikono yake.

"Nenda, mkwe," alisema. "Kisome hicho Kizungu mpaka kiishe. Siku moja utakutana na yule mama, umuulize kwa niaba yangu, kwa nini alitudanganya."

Mama alikuwa akitazama barabarani. Nikasema, "Nitamuuliza, Mama." Nikakipokea kitenge.

Mama Anzuruni alifariki nikiwa kidato cha tatu. Habari ilinifikia shuleni kwa barua ya mama, mistari minne, na katika mistari hiyo minne mama hakugusia lolote kuhusu yule mgeni. Hatukuwahi kulizungumza, yeye na mimi, mpaka leo. Tumezungumza kila kitu kingine.

Kiingereza nilikisoma mpaka kikaisha, kama alivyoniambia. Sasa ndiyo kazi yangu. Natafsiri mikutano ya miradi inayokuja Kigoma, nasimama kati ya wageni na wenyeji kama nilivyosimama siku ile, ila viatu ni vyangu. Nasifiwa kwa uangalifu. Namsimamisha mgeni katikati ya sentensi na kumuuliza unamaanisha nini hasa, mpaka wengine wanachoka. Kibirizi nayo imebadilika. Vichanja viko kila mahali, na watoto wanaozaliwa pale wanadhani vimekuwepo siku zote. Ule uzio ulishaondolewa zamani, kampuni ilifungasha na kwenda, na hakuna anayekumbuka jina lake. Wasichana wa pale wana simu zinazotafsiri. Wakikwama hawamtafuti mtoto wa darasa la saba.

Mwaka huu, baada ya mkutano mmoja, nilishuka mpaka pwani peke yangu. Nilimkuta yule mama aliyekaa kwenye matope, Mama Neema, bado anakausha, mgongo umepinda. Wenzake wengi wamekufa au wamehama. Nilimwamkia, nikakaa kando yake, nikamwambia. Nilimweleza nahau, nikamweleza mwalimu, nikamweleza zile siku kumi na mbili. Alikuwa akigeuza dagaa kwa viganja viwili.

"Siku kumi na mbili," alisema mwishoni. "Ungesema siku ya kwanza, tungewapata watu wa Kalemie kabla ya mvua."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa unaniambia ili nifanye nini?"

Hakungoja jibu; akaniambia nisogee kidogo, nawazibia dagaa jua.